Mnyapara, Meneja na Mashamba ya Ngano

Neno kocha tumelizoea uwanjani. Siku hizi limehamia maofisini. Meneja, tunaambiwa, asiwe mtu wa kuamuru tu. Aulize kabla ya kujibu, amwachie mfanyakazi atafute njia, kisha amsahihishe kazi ikiendelea. Semina nyingi huleta jambo hili kama mzigo ulioshushwa melini jana. Lakini katika nyanda za Hanang, ambako jina la Gehandu lipo kama lilivyo Mbulu, uongozi wa namna hiyo ulikwisha kujaribiwa kwa miaka zaidi ya 20, bila kuitwa hivyo.

Kabla yake tulikuwa na mnyapara. Zama za ukoloni yeye ndiye aliyekuwa sura ya uongozi kazini: asubuhi anahesabu watu, mchana anasimama nyuma yao. Hakufundisha kitu, kwa kuwa hakuajiriwa afundishe. Uhuru ulimwondoa mnyapara; tabia yake ikabaki, ikavaa suti. Ndiyo maana TANU ilitoa Mwongozo mwaka 1971, na ibara ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliishika ibara ile barabara. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Kwa maoni yangu Mwongozo ulieleza vizuri kiongozi asiwe mtu wa namna gani. Afanye nini siku ya Jumatatu asubuhi, mbele ya mashine iliyoharibika na watu 30 wanaomtazama, hilo halikuelezwa, na mameneja wengi wakaishi kati ya kuwafokea watu wao na kuwaogopa.

Huku kwetu jibu lilikuja na ngano. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada ilisaidia Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kufungua mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Kila moja lilikuwa na ekari kiasi cha 10,000. Eneo la namna hiyo haliendeshwi kwa makelele. Dereva yuko peke yake na trekta, kilomita kadhaa kutoka ofisini. Asipojua kazi, hakuna mnyapara wa kumfikia kwa wakati. Kwa hiyo mpango ulitaka mgeni na Mtanzania wafanye kazi bega kwa bega, mmoja akijiandaa kuondoka na mwingine kushika. Watanzania kadhaa walipelekwa Kanada kusoma, na umeneja ukaja mikononi mwa wenyeji.

Mtu aliyepata kuona uvunaji wa mashine ataelewa kwa nini amri haitoshi hapo. Punje zikibaki ardhini nyuma ya mashine, kosa laweza kuwa katika mwendo wa gari, katika upepo wa feni, au ngano yenyewe haijakauka. Msimamizi anaweza kurekebisha mwenyewe akaenda zake. Akirekebisha leo, kesho ataitwa tena. Akimshusha dereva, wakainama wote wawili kuhesabu punje, akamwuliza zimeanguka kwa sababu gani, anapoteza nusu saa na kupata fundi. (Watu wa hesabu za ofisini huiona ile nusu saa tu.)

Basi ndani ya uzio watu waliulizwa. Nje ya uzio walikuwapo Wabarbaig, ambao wakiwauliza wangesema mengi. Nyanda zile zilizoonekana tupu wao waliziita muhajega, malisho bora ya majira ya mvua, na mifugo ilihamishwa kutoka huko kwa zamu ili majani yapumzike. Humo yalikuwamo pia makaburi ya wazee wao. Trekta zilipita. Wenye mifugo wakapoteza malisho na njia za kufikia maji. Waliokamatwa ndani ya mashamba walihesabiwa kuwa wavamizi.

Hapo ndipo sikubaliani na wanaosifu mpango ule kwa mafunzo yake peke yake. Meneja aliyezoezwa kumwuliza dereva hakuzoezwa kumwuliza mzee mwenye ng'ombe, maana mzee hakuwa mfanyakazi wake. Kanijibu hivyo bwana mmoja mstaafu, na kwa sheria za ofisi alikuwa na haki.

Mzee aliposhindwa kuulizwa alikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na watu wengine 67 waliishitaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu. Mwaka 1989 viongozi wa Wabarbaig wakaandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada, wakieleza malisho, maji na makaburi. Kanada ilifunga msaada wake mwaka 1993. Baadaye NAFCO nayo ikayaachia mashamba, mengine yakaenda kwa wawekezaji na mengine yakarudi kwa wanavijiji.