Kuwasha oveni kubwa ya gesi bila kulipukiwa

Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Kwa hiyo wapishi wa shule, hoteli na bekari waliozoea tanuri la kuni sasa wanakutana na oveni ya gesi. Kuni zikikataa kuwaka, unapuliza na kujaribu tena. Gesi isiyowaka inajikusanya ndani ya oveni, na kiberiti cha pili ndicho kinachoilipua.

Gesi yako ni ipi?

Gesi ya mtungi huagizwa kutoka nje ya nchi. Ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, hutanda sakafuni na kujificha mashimoni. Gesi asilia, inayochimbwa Mnazi Bay kule Msimbati na kusafishwa Madimba, ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda darini. Mwenye mtungi anahitaji upenyo wa hewa chini, karibu na sakafu. Mwenye gesi ya bomba anauhitaji juu.

Oveni ya mtungi isiunganishwe na gesi ya bomba, wala ya bomba na mtungi, kabla fundi hajabadilisha vitundu vya kupitishia gesi. Vitundu hivyo havilingani.

Hatua za kuwasha

Oveni hutofautiana, kwa hiyo maelekezo yaliyokuja na oveni yako yatangulie. Kwa oveni inayowashwa kwa mkono na yenye moto mdogo wa kuanzia, utaratibu ni huu:

1. Fungua mlango na madirisha ya jiko. Zima moto mwingine wowote ulio karibu.
2. Fungua mlango wa oveni, unuse. Kwa gesi ya mtungi, inama unuse na chini. Ukisikia harufu, usiwashe.
3. Hakikisha vifundo vyote vya oveni vimefungwa, kisha fungua mtungi au bomba polepole.
4. Simama pembeni, uso usielekee mdomo wa oveni. Washa kiberiti kirefu, kisogeze kwenye tundu la moto mdogo, ndipo ubonyeze na kuzungusha kifundo. Moto kwanza, gesi baadaye.
5. Moto mdogo ukishika, endelea kubonyeza kwa sekunde 20 hadi 30 ili kihisi joto kipate moto. Kihisi hiki hufunga gesi moto unapozimika. Usikifunge kwa waya wala kukiondoa.
6. Fungulia moto mkubwa. Tazama uwake kwa rangi ya buluu katika urefu wote wa bomba la moto, ndipo ufunge mlango.

Isipowaka

Usiongeze gesi. Ikipita sekunde tano bila kuwaka, funga kifundo, acha mlango wa oveni wazi, subiri angalau dakika tano, kisha anza upya hatua ya kwanza. Ikikataa mara ya pili, funga gesi na umwite fundi. Fanya hivyo hivyo moto ukizimika katikati ya kazi, kwa mfano umeme unapokatika kwenye oveni yenye feni.

Ukisikia harufu

Gesi zote mbili hazina harufu yake. Harufu huongezwa ili ituonye. Ukiisikia jikoni, funga gesi kama unaifikia salama, kisha toa watu nje. Usiwashe wala kuzima taa, na usitumie simu humo ndani. Ukiwa nje na mbali, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kagua kila wiki

Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula chuma haraka. Angalia kutu kwenye mtungi, regulata na viungo vya mpira wa gesi. Paka povu la sabuni kwenye viungo gesi ikiwa imefunguliwa: mapovu yakivimba, panavuja. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti. Mtungi usimame wima, nje ya jiko, mbali na jua kali. Na kazi ikiisha, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye oveni peke yake.