Rubens alipoketi tena darasani

Septemba 1628, mchoraji Peter Paul Rubens aliwasili Madrid kwa kazi ya kibalozi: kutafuta njia ya kuzipatanisha Hispania na Uingereza. Alikuwa na miaka 51, na wafalme wa Ulaya walizigombea picha zake. Hata hivyo, kila alipopata nafasi alisimama mbele ya picha zilizomilikiwa na Mfalme Philip wa Nne wa Hispania akizinakili kazi za Titian, bingwa wa Venice aliyefariki 1576, Rubens mwenyewe hajazaliwa.

Kunakili ilikuwa ndiyo shule ya wachoraji. Mnamo 1400 hivi, Cennino Cennini aliwashauri wanagenzi katika kitabu chake wachague bingwa mmoja na kumfuata kila siku. Rangi za mafuta zilipoenea, haja hiyo ilizidi, kwa kuwa jicho huona tabaka la juu tu. Palma Kijana, mchoraji wa Venice, alisimulia kwamba Titian alianza kwa kupaka rangi nzito, akaigeuzia picha ukutani kwa miezi kadhaa, kisha akairudia na kuirekebisha, na mwishoni akatumia vidole zaidi ya brashi. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kutazama. Cha mvunguni huinamiwa, na Rubens aliinama.

Mojawapo ya picha alizonakili ni Adamu na Hawa, aliyoichora Titian karibu 1550. Hawa anapokea tunda kwa nyoka mwenye kiwiliwili cha mtoto. Miguuni pake kuna mbweha. Hayo Rubens aliyafuata. Lakini Adamu wa Titian ameegemea nyuma, ilhali wa Rubens amejisogeza mbele, misuli imemtuna, na mtini ametua kasuku mwekundu ambaye Titian hakumchora kabisa. Mwanafunzi alishika mbinu, kisha akajibizana na mwalimu. Picha zote mbili sasa zimo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid.

Nakala nyingi za Titian zilikutwa miongoni mwa mali za Rubens alipofariki 1640, ishara kwamba hakuzichora kwa ajili ya soko. Huko Madrid alifahamiana na Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme, aliyekuwa na miaka 29. Agosti 1629, miezi michache baada ya Rubens kuondoka, Velázquez alifunga safari ya Italia. Kwa mujibu wa Antonio Palomino, mwandishi wa maisha yake, alipofika Venice alinakili picha ya Tintoretto ya Yesu akiwakomunisha mitume, akarudi nayo kumzawadia mfalme.