Kivuli Kilichopandwa

Gari likishaiacha Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na kuanza kupanda vilima vya Pugu, abiria wa dirishani hufungua kioo bila kuambiwa na mtu. Vilima vyenyewe si virefu, ni kama mita 300 tu juu ya bahari, lakini hewa ni nyingine. Pembeni kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa pwani ambao zamani ulikuwa mkubwa mno. Humo ndimo unamoanzia mto Msimbazi, ule ule unaofurika Jangwani na kufunga barabara ya Morogoro kila mvua zikizidi.

Ukishaupita mji wa Kisarawe na kuingia kata kama Kibuta, msitu wa hifadhi umekwisha, ila kivuli bado kipo. Hapo ndipo wageni wengi hupotea. Wanaona miembe ya kuzungukwa na watu watatu walioshikana mikono, mikorosho iliyoinamisha matawi hadi yakagusa mchanga, mifenesi nyuma ya majiko, minazi iliyopinda, nao husifu: mazingira ya asili haya! Mwembe asili yake ni Asia, na mfenesi vilevile. Mkorosho ulivushwa bahari na Wareno kutoka Brazili. Kivuli cha Kibuta kimepandwa. Kila mti una mkono ulioufukia, na mara nyingi wajukuu wa mwenye mkono huo wanaweza kukutajia jina lake.

Sisemi kwamba miti ya mwituni haina heshima yake huku Uzaramo, nchi ya Wazaramo. Mkole, kwa mfano, si mti wa kuutazama ukastaajabu, lakini chini yake ndipo mwali anapofundwa akishatolewa ndani, na hakuna mwembe unaoweza kuchukua nafasi hiyo. Miti ya chakula na biashara, hata hivyo, ina kazi nyingine ambayo mgeni haioni: ni ushahidi. Katika pwani yetu mtu akiazimwa shamba alime muhogo au mpunga, hakuna shida. Akionekana anachimba shimo la mnazi, maneno huanza. Zao la msimu huvunwa likaisha, mti hubaki na kusema nani alikuwa hapa. Ndiyo maana mazao ya kudumu hayapandwi kwenye ardhi ya kuazima, na ndiyo maana kesi nyingi za mirathi huanza kwa kuhesabu minazi kabla ya kupima ardhi. Dola nayo, kwa njia yake, imelikubali jambo hili. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais, lakini mwananchi akiondolewa, mthamini huja na daftari lake na kuandika mti mmoja mmoja.

Kwa hiyo makazi ya Wazaramo yalikuwa ya kutawanyika. Nyumba mbili tatu za ndugu, miti yao kuzizunguka, kisha mashamba na vichaka, kisha viambo vingine. Mpelelezi wa Kizungu aliyetaka kuona mji aliona kichaka. Mji wenyewe ulikuwa ndani ya kile kichaka.

Watawala hawakuupenda mpangilio huo. Wajerumani walitaka pamba, na pamba haistawi chini ya mwembe, inataka jua na shamba jeupe. Kuanzia mwaka 1902, katika wilaya ya Dar es Salaam, watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe, wakiacha ya kwao. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, Uzaramo haukubaki nyuma, na kiongozi wake mmoja, Kibasila wa Kisangire, alinyongwa kwa msimamo wake dhidi ya Wajerumani. Leo jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari jijini, na wanafunzi wengi hulitamka bila kujua kwamba mwenyewe alitoka huku kwenye mikorosho. Kabla ya hapo, Januari 1889, misheni ya Wabenediktini iliyokuwa na umri usiotimiza mwaka mmoja pale Pugu ilichomwa wakati wa vita vya Abushiri. Vilima hivi vimeona mengi kuliko utulivu wake unavyoonyesha.

Pigo lililobadilisha sura ya Kibuta na vijiji vingine vya nchi, hata hivyo, halikuwa la bunduki. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia kijijini. Kuna kinaya hapa. Mwalimu huyo huyo alifundisha shule ya Mtakatifu Francis pale Pugu hadi alipoacha kazi mwaka 1955, tena chama cha TANU kilizaliwa akiwa bado mwalimu wa huko. Vilima hivi alivijua kwa miguu yake. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, shule na zahanati zikasogea karibu, na hilo lilikuwa jema. Ila mwembe hauhamishiki. Viambo vya zamani vikawa mahame.

Neno hilo, mahame, lastahili kutafakariwa kidogo. Katika Kiswahili hame ni mahali palipoachwa na watu, na kwa kawaida lina huzuni na hata hofu ndani yake. Huku pwani hame linatambulika kwa mbali kwa miembe yake. Nyumba za miti na udongo zilirudi ardhini baada ya masika machache. Miembe ikaendelea kuzaa. Wenyewe walirudi kila msimu kuokota korosho na maembe, kisha wengine, amri ilipolegea, wakarudi moja kwa moja. Hame likawa nyumbani tena kwa sababu miti ilikuwa imelinda zamu.

Sasa nivuke hadi upande wa pili wa simulizi hii, kwenye ufuo wa Dar es Salaam. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alichapisha kitabu kilichopendekeza miji iliyochanganyika na bustani, na wazo hilo likasambaa hadi makoloni. Kwetu liligeuzwa. Waingereza waligawa Dar es Salaam kwa kanda, na ile ya viwanja vipana, ua wa majani na miti mikubwa ikawa Uzunguni. Oyster Bay ndiyo mfano wake. Hadi leo, tajiri akitaka nyumba mjini hutafuta mtaa wenye miti mizee, naye hulipia umri wa kile kivuli kuliko saruji. Ghorofa hujengwa kwa mwaka mmoja. Mkungu wa miaka 60 haujengwi.

Na sasa sikiliza majina. Masaki, ile ya mabalozi, ina pacha: kata ya Masaki, wilaya ya Kisarawe. Barabara ya Chole, ambayo ukiitaja dereva wa teksi hupandisha bei, ina kata yenye jina lake Kisarawe pia. Sidai kwamba jina moja lilizaa lingine. Nasema tu kwamba Masaki hizi mbili zinapendwa kwa jambo moja, kivuli, na ni mjini tu ambako kiliwahi kutungiwa sheria ya kuwazuia wengine.

Mitaa mingine ya jiji imebaki na majina matupu. Mwembechai, Mwembe Yanga, Mkwajuni, Mnazi Mmoja, Mikocheni: mtu anaweza kuorodhesha msitu mzima kwa kusoma vibao vya daladala.

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya milioni 5.3, na watu hao wanahitaji pa kulala. Wimbi la ujenzi limepita Chanika, limepita Pugu, limegusa Kibaha na Kisarawe. Dalali anampeleka mteja, na mteja anachokipenda, ukimsikiliza vizuri, ni ubaridi, ndege, mchanga usio na vumbi, yaani miti. Anatoa malipo ya awali. Kisha greda linaitwa, kwa sababu kiwanja kikiwa na mwembe katikati ramani haikai. Mwembe unakwenda kwenye tanuri la matofali au unageuka magunia ya mkaa yanayoteremka Pugu usiku. Bikoni zinafukiwa. Ukuta unapanda.

Baada ya nyumba kuezekwa, joto la bati humfanya mwenye nyumba amkumbuke mwembe. Hapo hurudi barabarani, kwenye miche iliyopangwa kwenye vifuko vyeusi. Muuzaji humshauri achukue mwembe wa kisasa, wa kubebesha, ambao huanza kuzaa mapema na haukui sana. Mteja huuliza utatoa kivuli baada ya muda gani. Muuzaji humtazama, humpima kwa macho kama fundi anayepima suruali, kisha humtajia miaka.