Swala, pongo na nyati: ijue risasi kabla ya kuingia porini

Wadau, kuna swali nakutana nalo kila mara kwa vijana wa Tanga, hasa wale wanaoangalia video za Wamarekani wakiwinda: eti bunduki ya kaliba gani ndiyo yenyewe? Leo nalijibu kwa mazingira yetu, maana ya kule hayahamii huku hivi hivi.

Kwanza, yule mnyama wao mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka hapa kwetu hayupo. Afrika nzima kwao ni kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Sisi tuna ukoo wa swala: kuna paa wa kilo tano hivi, kuna pongo wa kilo 40 hadi 60, na kuro dume anapita kilo 200. Nyati ndiyo usiseme, 600 na zaidi. Sasa risasi moja itawatosha vipi wote hao?

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, kwa inchi au milimita. .30 ni kama milimita 7.62, na .375 ni 9.5. Wengi wanadhani namba ikiwa kubwa basi nguvu nayo kubwa. Hapana. AK-47, ile polisi wanayoiita SMG, na raifo ya .308 zote zinaitwa 7.62. Lakini ganda la SMG lina urefu wa milimita 39 na la .308 ni 51, kwa hiyo baruti haiwi sawa: moja inatoa joule 2,000 hivi, nyingine kama 3,500. (Na SMG ni silaha ya kijeshi, raia itoeni kichwani kabisa.)

Historia ya hapa hapa mjini inaonyesha kitu hicho hicho. Novemba 1914, Waingereza walipotua Tanga, askari wengi wa von Lettow-Vorbeck walikuwa na Mauser za mwaka 1871, tundu la milimita 11, pana kuliko .375! Lakini zilitumia baruti nyeusi, risasi ikienda taratibu, na kila ukifyatua moshi unamwonyesha adui ulipo. Waingereza waliposhindwa na kurudi melini waliacha mamia ya bunduki za .303 na risasi kwa malaki. Unadhani askari wale walizidharau eti kwa sababu tundu lake dogo?

Gobori letu la kijijini ni ndugu wa Mauser ile, tena ndugu mnyonge. Mtutu ni bomba, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, unashindiliwa baruti na gololi au vipande vya nondo. Ukizidisha baruti linapasukia usoni. Ukipunguza, mnyama anaondoka na chuma mwilini. Kwangu mimi hiyo si silaha ya kuwindia hata kidogo.

.22 nayo, nguvu yake haifiki joule 200. Sungura na kanga, sawa. Kumpigia pongo ni kumtesa tu: anaingia kichakani na tundu dogo, anafia huko siku ya pili, fisi wanafaidi. Pongo anataka angalau .243. Kwa kuro kuna .270 (ya mwaka 1925), .308 (1952) na mzee wa kazi .30-06, iliyotoka mwaka 1906. Ukiniuliza mimi, nachukua .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7, ncha laini. Sababu ni pori lenyewe. Handeni na Pangani ni miombo na vichaka, na baada ya masika nyasi zinafika kifuani. Mnyama unamwona mita 60, 80, mara chache 100. Ile sifa ya risasi nyepesi kwenda kasi na kunyooka hadi mita 300 huku utaitumia wapi? Ila msidanganyike pia: hakuna risasi, nzito wala nyepesi, inayopita kwenye matawi bila kupinda. Tawi likiwa mbele, usifyatue.

Nyati ni habari nyingine. Kanuni zetu zinataka isipungue .375 kwa wanyama hatari, na .375 H&H ya mwaka 1912 inarusha gramu 19 na ushee kwa joule kama 5,700. Bega litakusimulia. Najua mtanitajia Bell wa Karamoja, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa risasi ya milimita 7. Ni kweli, lakini yule alijua ubongo wa tembo ulipo kama unavyojua mlango wa kwenu.

Haya, karatasi. Leseni ya silaha ni polisi, chini ya sheria ya mwaka 2015. Leseni ya kuwinda ni TAWA, chini ya Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na Mkomazi tangu 2008, humo hakuna uwindaji, kwisha. Na ukikutwa na nyama bila kibali, hata mguu wa paa kwenye mfuko wa rambo, ni nyara za serikali, na kesi yake inaweza kuangukia uhujumu uchumi. Kama hamu yako ni nyama tu, tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nunua huko, na risiti usiitupe mpaka umefika nayo nyumbani.