Farsani: Duka la Vitafunio vya Kigujarati na Njia Zake za Bahari

Katika Kigujarati, neno farsani ni jina la jumla la vitafunio vyote vya chumvi, na hutumika kuvitenganisha na mithai, yaani vitamu vinavyopikwa kwa maziwa, samli na sukari. Fundi wa kazi hizi huitwa kandoi, jina la ufundi ambalo kwa baadhi ya familia limegeuka kuwa jina la ukoo. Katika duka kongwe la farsani, liwe Bhavnagar, Jamnagar au Ahmedabad, bidhaa hugawanyika katika makundi mawili ambayo historia yake haikufanana: vikavu vinavyokaa wiki kadhaa bila kuharibika, na vile ambavyo visipoliwa vikiwa vya moto, au siku ileile vilipopikwa, hupoteza thamani yake yote. Vikavu ndivyo vilivyosafiri. Vya moto ndivyo vilivyolidumisha duka.

Msingi wa yote ni unga wa dengu. Rasi ya Saurashtra, ambayo ndiyo kitovu cha ufundi huu, ni nchi ya mvua za kubahatisha, na dengu ni zao linalostahimili ukavu kwa sababu hukua katika miezi ya baridi kwa unyevu uliobaki ardhini. Mafuta ya kukaangia ya zamani yalikuwa ya ufuta, lakini kadiri kilimo cha karanga kilivyoenea Saurashtra katika karne ya 20, mafuta ya karanga yalichukua nafasi hiyo, na hadi leo harufu yake ndiyo humtambulisha mnunuzi kwamba amekaribia duka. Viungo navyo vina tabaka zake za wakati. Pilipili kali zililetwa na Wareno kutoka Amerika katika karne ya 16, lakini gathiya, vijiti vya unga wa dengu vilivyoupa mji wa Bhavnagar sifa yake, bado hutiwa pilipili manga, mvuje na mbegu za ajwaini, viungo ambavyo Wahindi walivitumia karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga. Ulaini wake hutokana na aina ya chumvi ya magadi iitwayo papad khar, ambayo ikizidi kidogo huleta uchungu na ikipungua huacha kinyunya kigumu kama ubao. Kipimo chake hubadilika kwa unga na kwa hali ya hewa, na kandoi hukijua kwa vidole zaidi kuliko kwa mizani.

Ufundi huo hudhihirika zaidi asubuhi, wakati wa fafda. Mpishi hukaa mbele ya ubao laini, huchukua donge dogo la kinyunya, kisha kwa msukumo mmoja wa chini ya kiganja hulivuta likawa utepe mrefu na mwembamba, ambao huutenga na ubao kwa kisu na kuutumbukiza katika karai ya mafuta. (Neno karai lenyewe, ambalo Waswahili hulitumia kila siku kwa chombo cha kukaangia, lina asili katika lugha za Kihindi.) Mwenzake aliye kando huikamua sev, nyuzi nyembamba za unga uleule, kwa kibonyezo kiitwacho sancho, chenye bamba la matundu ambalo hubadilishwa kulingana na unene unaotakiwa. Fafda huliwa palepale pamoja na papai bichi lililokunwa na pilipili mbichi zilizokaangwa, na katika sikukuu ya Dasara mji mzima huila pamoja na jalebi, mviringo wa sukari. Kazi yote hufanyika hadharani, macho ya mnunuzi yakiwa juu ya mafuta na mikono, na uwazi huo ulikuwa dhamana kubwa kuliko maandishi yoyote ambayo yangewekwa mlangoni.

Dhamana hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu chakula nchini India kilifungamana na dini. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, chakula kilichokaangwa kwa samli au mafuta kilihesabiwa kuwa na usalama mkubwa zaidi wa kidini kuliko kilichochemshwa kwa maji, kwa hiyo mtu aliweza kukipokea kutoka mikononi mwa watu wengi zaidi, na bila kanuni hiyo ni vigumu kuelewa jinsi duka la vyakula vilivyopikwa lilivyoweza kustawi. Wajaini, ambao wamekuwa na nguvu kubwa katika biashara ya Gujarat, hawali viazi, vitunguu wala mizizi mingine, kwa kuwa kuing'oa huua mmea mzima pamoja na viumbe vya udongoni, na walioishika dini barabara hawali baada ya jua kutua. Farsani kavu ya unga wa dengu iliwafaa wao na majirani zao Wahindu kwa pamoja. Aidha, katika siku ya Shitala Satam, mwezi wa Shravan, kaya nyingi za Kihindu haziwashi moto jikoni, na hula kilichopikwa siku iliyotangulia.

Chakula kinachokaa muda mrefu na kisichovunja masharti ya mlaji kilikuwa pia chakula cha baharia na mfanyabiashara. Kutoka bandari za Kutch na Saurashtra, hasa Mandvi, majahazi yalivuka kwa pepo za kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa, yakarejea kwa kusi. Kufikia miaka ya 1830, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ilikuwa imekwisha kukodi forodha ya Zanzibar kutoka kwa Sultani Said. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo wafanyabiashara wengi wa Kihindu waliishi Zanzibar bila wake zao, ilhali Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu, walihamia mapema zaidi na familia zao, na jiko la Kigujarati likaanza kuota mizizi mitaani.

Hapo ndipo farsani ilipobadilika, na mabadiliko hayo yanastahili kuhesabiwa kuwa ubunifu wa pwani, si upotovu wa asili. Huko Gujarat kachori ni andazi la duara lililojazwa choroko, njegere au mbaazi changa. Pwani ya Afrika Mashariki, kachori ni tonge la viazi lililochovywa katika uji wa dengu, kitu ambacho Mgujarati angekiita batata vada. Neno batata, ambalo Wazanzibari hulitamka mbatata, limefika pande zote mbili za bahari kutoka kwa Wareno. Katika bakuli la urojo wa Zanzibar, kachori na bajia huelea katika mchuzi mchachu wa embe na ndimu, juu yake zikinyunyizwa chembe za muhogo uliokaangwa. Muhogo huohuo uliingia katika chevdo, mchanganyiko mkavu ambao Gujarat hutengenezwa kwa mchele uliopondwa bapa, ndugu wa pepeta ya Waswahili, pamoja na karanga na sev.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na maelfu yao wakaanza upya nchini Uingereza, wengi katika mji wa Leicester, ambako Barabara ya Belgrave ilijaa maduka ya mithai na farsani. Viwanda vya India vimeanza tangu wakati huo kufunga gathiya na sev katika mifuko inayouzwa duniani kote, lakini fafda ya mfukoni haifikii ile inayotoka kwenye karai, na kwa hiyo anayeitaka ikiwa ya moto bado hulazimika kumfuata kandoi alipo. Katika maduka na mikahawa ya Leicester na Wembley, kando ya vyakula vya Saurashtra, huagizwa pia vipande vya muhogo vilivyokaangwa na kutiwa pilipili na ndimu. Wateja huviita mogo, neno walilolitoa Afrika Mashariki, ambalo mabibi zao waliobaki Saurashtra hawakulijua.