Likizo ya Kiangazi na Utafiti wa Wanafunzi wa Fizikia

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani masomo husimama kwa muda mrefu wakati wa kiangazi. Kiangazi hicho si kile cha pwani ya Afrika Mashariki kinachoandamana na pepo za kaskazi. Ni miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo mwanafunzi asiye na mali huitumia kutafuta ada ya mwaka ujao. Kwa sababu hiyo, historia ya utafiti wa kiangazi haina budi kuanzia kwenye fedha. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aweza kualikwa katika maabara, lakini mwaliko usio na posho humfaa yule tu mwenye wa kumlisha.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, chombo cha kwanza cha binadamu kuizunguka dunia, na Marekani ikashtuka. Mwaka 1958 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, ulioundwa mwaka 1950, ulianzisha mpango wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti, kwa fedha za umma.

Huko Ulaya, maabara ya CERN, iliyoundwa mwaka 1954 karibu na Geneva, ilianza kupokea wanafunzi wa kiangazi mwaka 1962, chini ya uongozi wa Victor Weisskopf. Wanafunzi hao husikiliza mihadhara, kisha hufanya kazi pamoja na watafiti. Faida yake ni dhahiri: darasani mwalimu hulijua jibu la zoezi tangu mwanzo, bali katika maabara hakuna alijuaye.

Mpango wa Marekani haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipunguza fedha za elimu ya sayansi, nao ukafutwa. Hasara ya namna hiyo haiwapati wote sawasawa, kwani chuo kikubwa kina maabara zake, na chuo kidogo hakina. Mwaka 1987 Wakfu ulianzisha mpango mwingine, uitwao REU. Kila kituo huchukua kikundi kidogo kwa majuma manane au kumi hivi, na yapasa sehemu kubwa ya wanafunzi watoke vyuo vingine, hasa visivyo na nafasi za utafiti.

Hata hivyo posho hiyo ni ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Mwanafunzi wa Kitanzania au Kikenya aliye huko kwa masomo tu haipati, hata akiwa wa kwanza darasani. CERN, kwa upande wake, hupokea pia baadhi ya wanafunzi wa nchi zisizo wanachama.

Basi atakaye kupima mpango wowote wa namna hii na aulize kwanza posho yatoka wapi, yamfikia nani, na nani ameachwa nje.