Mkate wa Krismasi wa Dresden na Rukhsa ya Siagi

Katika miji ya Saxony, mashariki mwa Ujerumani, Krismasi haipiti bila ya mkate mrefu uitwao Stollen, uliosheheni zabibu kavu, lozi na maganda ya ndimu na machungwa yaliyopikwa kwa sukari, ukapakwa siagi ungali moto, kisha ukafunikwa kwa sukari ya unga hata ukawa mweupe pepepe. Na wenyewe husema weupe ule ni mfano wa nguo alizovikwa Mtoto Yesu alipozaliwa. Mwenye kuuonja leo hadhani kamwe kwamba asili yake ni chakula cha mfungo.

Hapo kale Wakristo wa Ulaya walikuwa wakifunga katika majuma ya Majilio, yanayotangulia Krismasi, na sharia ya Kanisa iliwaharamishia siagi na maziwa. Basi waokaji wa Dresden, ambao mkate wao umetajwa katika hesabu za hospitali ya mji huo mwaka 1474, hawakuwa na budi kukanda unga, hamira na maji kwa mafuta. Kwa watu wa nchi za zeituni hili halikuwa jambo zito, bali Saxony haina mizeituni, na mafuta aliyoweza kuyanunua mtu wa kawaida yalikuwa ya mbegu, yenye harufu kali. Watawala wakapeleka maombi Roma, na mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatoa ule ujulikanao kuwa Waraka wa Siagi, akiwaruhusu kuitumia kwa sharti la kulipa fedha, ambayo sehemu yake ilikwenda kujenga kanisa kuu la Freiberg. Biashara hii haikusahaulika: mwaka 1520 Martin Luther, naye ni wa nchi ile ile, aliwakemea wakuu wa Roma kwa kuwauzia Wajerumani uhuru wa kula siagi. Hivi leo mambo yamepinduka, kwani jina la mkate huu wa Dresden limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2010, na kanuni zake zinataka siagi isipungue nusu ya uzani wa unga, ilhali majarini imeharamishwa kabisa.

Siagi ilipokwisha kuwa halali, anasa ikafuata. Mwaka 1730 Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, aliandaa huko Zeithain maonyesho makubwa ya majeshi, akaagiza uokwe mkate wa tani 1.8 hivi, ukavutwa na farasi wanane mbele ya wageni wake. Ni fahari ya kifalme, nami siistaajabii sana.

Lililo zuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ada ya nyumbani. Familia zilikuwa zikinunua zabibu na lozi zao wenyewe, zikazipeleka kwa mwokaji pamoja na kibati chenye jina la nyumba ili mikate isichanganyike katika tanuri. Ikiisha kuokwa ikahifadhiwa kwa majuma kadhaa mahali pa baridi, kwani ladha hukomaa kwa kungoja. Na wakati wa kula wengi huanza kuukata mkate katikati, wakazisogeza nusu mbili zikutane tena, usikauke.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Saxony ilipoingia katika dola ya Ujerumani Mashariki, viungo hivi viliadimika, maana viliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni ambazo dola hiyo haikuwa nazo za kutosha. Wataalamu wa chakula wakabuni nyanya mbichi zilizopikwa kwa sukari badala ya maganda ya ndimu, na karoti badala ya machungwa. Jamaa waliokuwa upande wa Magharibi wakawa wanatuma kwa posta vifurushi vya zabibu, lozi na maganda ya kweli. Na ilipokaribia Krismasi, mikate iliyookwa kwa hidaya hizo ikasafirishwa tena kuvuka mpaka, ikaliwe Magharibi na wale wale waliozituma.